Kidonda cha Kinywa Kisichopona kwa Wiki Mbili Kikaguliwe

Mkazi wa Sachangwan akipata kidonda kinywani, mara nyingi hununua dawa ya maumivu dukani, husukutua kwa maji ya chumvi na kurudi shambani au barabarani. Kwa kawaida hilo halina neno, kwa kuwa vidonda vingi vya kinywa hupona vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Cha kuogopwa ni kile kisichopona. Saratani ya kinywa ikianza huwa haiumi, na mgonjwa hukaa nayo miezi mingi akidhani ni jambo dogo.

Ugonjwa wenyewe

Saratani hii hushika midomo, ulimi, sehemu iliyo chini ya ulimi, fizi, kaakaa na upande wa ndani wa mashavu. Mwaka 2022 takriban watu 390,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya 188,000 walifariki.

Kisababishi kikuu ni tumbaku ya kila aina: sigara, ugoro na kuberi. Ugoro hauna moshi, lakini si salama, kwa sababu sumu yake hukaa imegusana na fizi kwa muda mrefu. Pombe pia husababisha saratani hii, iwe ya chupa au chang'aa. Anayetumia tumbaku na pombe pamoja yumo katika hatari kubwa kuliko anayetumia kimoja. Hata hivyo, asiyetumia chochote anaweza kuugua.

Dalili za kuangalia

• Kidonda kisichopona baada ya wiki 2.
• Doa jeupe au jekundu lisilotoka likifutwa.
• Uvimbe au ugumu kinywani au shingoni.
• Jino kulegea bila sababu, au kutokwa damu kinywani.
• Ugumu wa kumeza, kutafuna au kusogeza ulimi.

Jinsi ya kujikagua nyumbani

Mara moja kwa mwezi, nawa mikono, chukua kioo na usimame penye mwanga. Kama una meno ya bandia, yatoe.

1. Kunja mdomo wa juu na wa chini, utazame ndani na kwenye fizi.
2. Vuta kila shavu kando, ulitazame na kulipapasa kwa kidole.
3. Toa ulimi, utazame pande zote mbili, kisha uuinue na kutazama chini yake.
4. Inua kichwa utazame kaakaa.
5. Papasa shingo na chini ya taya kutafuta uvimbe.

Kujikagua hakuchukui nafasi ya mhudumu wa afya. Ukiona dalili, nenda kwenye zahanati iliyo karibu. Ikihitajika, utapewa rufaa hadi hospitali ya Molo au ya rufaa ya Nakuru. Huko daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama, sehemu hiyo ikiwa imetiwa ganzi, ili kipimwe maabara. Hicho ndicho kipimo kinachothibitisha kama ni saratani au la.

Kwa nini mapema

Saratani ikiwa bado ndogo, mara nyingi upasuaji mdogo hutosha. Ikichelewa, mgonjwa anaweza kupoteza sehemu ya ulimi au taya, na kuhitaji pia mionzi na dawa kali. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 waliogunduliwa kabla ugonjwa haujasambaa huwa hai miaka 5 baadaye. Ukishafika sehemu za mbali za mwili, ni takriban 4 kati ya 10.

Ukaguzi hauhitaji mashine ghali. Katika jimbo la Kerala, India, kuanzia 1996, wahudumu waliofunzwa walikwenda nyumba hadi nyumba wakikagua vinywa kwa macho. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba, miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban thuluthi moja. Kwa hiyo anayevuta sigara, anayenusa au kuweka ugoro mdomoni, na anayekunywa pombe, ndiye anayepaswa kutangulia kukaguliwa, hata kama hana maumivu.

Wakazi wanahimizwa kujisajili na SHA kwa kupiga *147# kabla ya kuugua. Na ukienda kung'oa jino, mwombe mhudumu akukague kinywa chote.