Kuosha Magari Bila Kuchimba Shimo: Mtambo wa Juu ya Ardhi na Safari ya Tone la Mafuta

Lori linaporudi yadini kutoka safari ya Tunduma au Kigoma huwa limebeba vitu vingi visivyoandikwa katika hati ya mizigo: udongo wa njiani, grisi ya ekseli, oili iliyovuja kutoka injini, na vumbi la matairi na breki lenye madini kama vile zinki na shaba. Vitu hivyo vyote huondolewa kwa maji, na baada ya robo saa lori hung'aa. Makala haya hayahusu lori lililong'aa, bali maji yaliyobaki chini yake.

Tuchukue mfano wa yadi yenye malori 30 yanayooshwa kila siku, na tukadirie kwamba kila lori hutumia lita 400. Hizo ni lita 12,000, yaani mita 12 za ujazo kwa siku. Kanuni za viwango vya ubora wa maji zilizotolewa Tanzania mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziliweka ukomo wa miligramu 10 za mafuta na grisi katika kila lita ya maji machafu yanayomwagwa. Kwa yadi yetu kiasi hicho ni gramu 120 tu kwa siku, pungufu ya kikombe cha chai, kutoka katika malori yote 30. Mwanafunzi aliyewahi kuona sakafu ya gereji atatambua mara moja jinsi ukomo huo ulivyo mdogo.

Njia iliyozoeleka ya kuyashughulikia maji hayo ni kuchimba. Hujengwa shimo la zege lenye vyumba viwili au vitatu chini ya sakafu ya kuoshea. Maji huteremka yenyewe; mchanga hutuama katika chumba cha kwanza, mafuta huelea katika cha pili, na maji ya katikati hutoka kwa bomba. Sifa kubwa ya shimo ni kwamba halihitaji umeme, kwa kuwa kani ya uvutano hufanya kazi yote. Kasoro yake ni kwamba halionekani. Ufa mwembamba kama unywele ukitokea ukutani, maji yenye mafuta huingia ardhini kwa miaka mingi pasipo mtu kujua, mpaka siku ambapo jirani atavuta maji ya kisima chake na kuyasikia yakinuka dizeli. Mahali kama Unguja, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi, safari ya kutoka shimoni hadi kisimani ni fupi mno.

Kuna tatizo jingine, nalo linafaa sana kwa somo la fizikia. Tangi tupu la mita 10 za ujazo lililozikwa mahali ambapo maji ya ardhini yamepanda hadi juu yake husukumwa kwenda juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji liliyoyachukulia nafasi, yaani uzito wa tani 10. Tangi la plastiki lenyewe huenda lina kilo mia chache tu. Fundi asipolifunga kwenye zege zito litaibuka kutoka ardhini kama mtumbwi. Si jambo la kufikirika katika miji yetu ya pwani yenye mabonde. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani, Dar es Salaam, katika bonde la mto Msimbazi, ilifurika mara kadhaa baada ya huduma hiyo kuanza mwaka 2016; na mahali pa namna hiyo maji hayatoki juu peke yake, hupanda pia kutoka chini.

Kwa sababu hizo, na kwa sababu mwenye magari aliyepanga kiwanja hapendi kuacha mali yake ardhini siku ya kuhama, umebuniwa mtambo unaokaa wote juu ya ardhi. Gari hupanda kwenye sinia kubwa la chuma, au sakafu ya zege iliyozungushiwa ukingo. Sinia lina mwinamo mdogo unaoyapeleka maji kwenye mfereji wa pembeni. Kutoka hapo maji huenda kwenye tangi la kutuamisha mchanga, kisha tangi la kutenganisha mafuta, kisha chujio la mchanga, na pengine chujio la mkaa ulioamilishwa, hadi tangi la akiba. Kila bomba laonekana. Likivuja, msimamizi huloa viatu, na hiyo ndiyo kengele bora ya tahadhari.

Hata hivyo tumebadilisha koleo kwa pampu. Maji yaliyo sakafuni hayawezi kupanda yenyewe kwenye tangi lililo juu yake, lazima yasukumwe. Wanunuzi wengi huuliza bei ya tangi na ukubwa wa chujio, na pampu huachiwa fundi aichague mwishoni. Huko ndiko mitambo mingi huharibikia, na ili kuona sababu yake yatupasa tufuate safari ya tone moja la mafuta.

Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionyesha jinsi tufe dogo linavyosafiri ndani ya kiowevu. Kanuni yake husema kwamba kasi ya tone kupanda huongezeka kadiri ya mraba wa kipenyo chake na kadiri ya tofauti ya densiti kati ya maji na mafuta, na hupungua kadiri mnato wa maji unavyozidi. Tuchukue mafuta yenye densiti ya kilo 880 kwa mita ya ujazo, katika maji ya nyuzi 27 za Selsiasi. Tone lenye kipenyo cha mikromita 150, yaani sehemu 150 za elfu za milimita, hupanda kwa kasi ya milimita 1.7 hivi kwa sekunde. Litapanda mita moja kwa dakika 10. Sasa ligawe kipenyo chake kwa 10, liwe la mikromita 15. Kasi haipungui mara 10, bali mara 100, kwa sababu ya ule mraba. Mita ileile sasa itachukua saa 16 na nusu.

Pampu ya kawaida ya maji, ile yenye gurudumu la mapanga linalozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, hulipiga kila tone linalopita na kulivunja vipande vidogo sana. Mafuta yaliyokuwa tayari kuelea kwa dakika 10 hutoka upande wa pili yakiwa wingu la kijivu linalohitaji usiku mzima kutulia. Tangi lililonunuliwa kwa fedha nyingi halina kosa. Limeletewa matone ambayo halikutengenezewa. Ndiyo maana katika mitambo iliyosanifiwa vizuri hutumiwa pampu ya kiwambo, ambayo mpira wake hupanda na kushuka taratibu, ikivuta na kusukuma maji bila kuyapiga. Pampu hiyo huwashwa na boya, kama lile la tangi la choo, maji yakifika kiwango fulani. Ni ghali zaidi na hutoa maji kidogo, lakini huvumilia hata mchanga kiasi.

Ipo njia nyingine ambayo mimi naipendelea pale nafasi inapotosha: kuinua sinia lenyewe. Gari likioshwa sentimita 60 juu ya ardhi, maji yaweza kuteremka yenyewe hadi tangi fupi la kutenganisha, na pampu ikawekwa baada ya mafuta kuondolewa, mahali ambapo haina tena tone la kuvunja. Gharama yake ni urefu. Njia ya kupandia yenye mwinamo wa moja kwa kumi itahitaji mita sita, na mita sita nyingine za kushukia ikiwa gari litatokea upande wa pili. Tena sinia lazima libebe lori bila kupinda, na ekseli moja ya lori lililojaa yaweza kukandamiza kwa tani 10.

Je, matone madogo yakishakuwapo, tufanyeje? Jibu limo katika hesabu ileile. Tukiwa na mipira miwili inayotoa lita 25 kwa dakika kila mmoja, mtiririko ni mita 3 za ujazo kwa saa. Ili tone la mikromita 15 lipate muda wa kufika juu, tangi lahitaji eneo la mita 50 za mraba, yaani ukubwa wa darasa. Lakini tone halilazimiki kufika juu ya tangi. Latosha kufika kwenye dari lolote. Wahandisi hupanga mabamba mengi membamba, moja juu ya jingine, yakiachana kwa milimita 10. Tone likipanda milimita 10, kwa dakika zilezile 10, hugusa bamba la juu, huungana na wenzake, na kuwa tone kubwa linalopanda upesi. Mabamba 50 ya mita moja ya mraba huingia katika tangi la mita moja ya ujazo. Kwa kawaida huwekwa kwa kuinamishwa ili matope yateleze chini, na kwa hiyo eneo lake lafaa kuongezwa kidogo.

Adui ambaye mabamba hayamwezi ni sabuni. Molekuli ya sabuni ina ncha moja inayopenda mafuta na nyingine inayopenda maji. Hulizingira tone na kulizuia lisiungane na mwenzake. Hupatikana mchanganyiko mweupe kama maziwa, ambao wanakemia huuita emalsheni. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa chupa tatu zenye maji nusu lita na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Ya kwanza itikiswe bila kitu. Ya pili na ya tatu ziongezewe matone machache ya sabuni ya maji, nazo zitikiswe vilevile. Wanafunzi waandike muda ambao mafuta huchukua kujitenga. Kisha katika chupa ya tatu itiwe shabu iliyoyeyushwa, pamoja na chembe za magadi ili kupunguza uasidi, na ikorogwe upesi kwa dakika moja, halafu polepole kwa dakika tano. Ioni za alumini huondoa chaji hasi inayoyatenganisha matone, nayo hushikamana katika mabonge laini yanayoweza kuondolewa. Hicho ndicho kifanyikacho katika tangi la dawa la mtambo. Mama zetu wamekuwa wakitumia shabu na mbegu za mlonge kutuliza maji ya mto yenye matope.

Maji yaliyosafishwa hivyo hurudishwa kuoshea, na hapo watu hupenda kusema kwamba yatazunguka milele. Hayawezi. Chujio huzuia matope na mafuta, lakini chumvi iliyoyeyuka hupita. Ikiwa asilimia 80 ya maji hurudi na asilimia 20 hubebwa na magari na kubadilishwa kwa maji mapya, chumvi iliyoongezwa na uchafu hujikusanya hadi kufikia mara tano ya ile ambayo ingekuwapo bila kurudisha maji. Kwa hiyo suuzo la mwisho hufanywa kwa maji mapya, la sivyo madoa meupe hubaki kwenye vioo na chuma huliwa na kutu. Hali kadhalika matangi yafunikwe, maana mbu hawana haja ya kuuliza maji ni ya kazi gani.

Mabaki ya mwisho ni matope na oili iliyokusanywa. Kuosha hakukuviondoa duniani. Kumevikusanya tu mahali pamoja, vikiwa vikali zaidi kuliko vilivyokuwa. Matope yenye metali hayafai shambani wala jalalani, na oili chafu inayopakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, kama wengi wafanyavyo, huishia udongoni. Yadi yenye mtambo yapaswa kuwa na mapipa yenye mifuniko, daftari la kuandika kiasi kinachotolewa, na mkataba na mchukuzi mwenye kibali cha kubeba taka za hatari.

Kwa zoezi la darasa: sinia lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 5, na halina paa. Usiku mmoja inanyesha mvua ya milimita 50. Wanafunzi watafute lita zilizoingia katika mtambo, kisha saa ambazo pampu ya kiwambo inayosukuma lita 25 kwa dakika itafanya kazi kuzitoa, na mwishowe waeleze kwa nini fundi aliyeleta bei nafuu aliliacha paa nje ya hesabu yake.