Mtihani wa sayansi: msaidie mtoto kwa Kiswahili

Mzazi mwenzangu, kabla ya mtihani wa sayansi mtoto huleta nyumbani karatasi za kujikumbusha. Wengi wetu tukiona Kiingereza kitupu tunazirudisha mezani. Usizirudishe. Hapa Marekani, mwanafunzi wa sekondari akianguka somo la lazima hulirudia, na kuhitimu kunaweza kuchelewa. Wewe mfafanulie jambo kwa Kiswahili. Maneno ya Kiingereza atayatafuta mwenyewe.

Kanuni za mwendo ni tatu, na Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687. Ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho mwendoni huendelea vilevile, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Mkumbushe safari ya lori. Dereva alipofunga breki ghafla, kwa nini wote tulirushwa mbele? Lori lilisimama, miili yetu ilikuwa bado safarini. Kwa sababu hiyo gari lina mkanda, na mtoto mdogo ana kiti chake (si ujanja wa polisi wa kutafuta faini).

Ya pili: nguvu ni tungamo mara mchapuko. Sukuma toroli tupu, kisha toroli yenye magunia mawili, kwa nguvu ileile. Ile tupu itashika kasi haraka zaidi. Ya tatu: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu iliyo sawa, upande wa pili. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika husukuma maji nyuma kwa kasia, maji yakausukuma mtumbwi mbele.

Sasa elementi. Ziko 118, mtoto aanze na zile za kwenye karatasi yake. Zinazosumbua ni zile ambazo alama yake haifanani na jina la Kiingereza, kwa kuwa imetoka kwenye Kilatini: Fe ni chuma, Au ni dhahabu, Na ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Nyingine sisi tuliotoka Kongo tumezisikia tangu utotoni: shaba (Cu) ya Katanga, bati (Sn), tantali (Ta) inayotoka kwenye koltani, na kobalti (Co), ambayo Kongo huitoa kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Mwambie hivyo uone atakavyokaa wima.

Angalieni herufi kubwa na ndogo. Co ni kobalti. CO ni kaboni iliyoungana na oksijeni: gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Mkaa unaowaka huitoa. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata baridi iwe kali namna gani. Kengele ya gesi hiyo ikilia, tokeni nje wote, ndipo mpige 911.

Na shule ikikuandikia habari muhimu za mtoto kwa Kiingereza tu, omba mkalimani. Ni haki yako kisheria, na hulipi kitu.