Uwezo wa mnyama haupimwi peke yake: Simba, Sungura na Kobe

Tukichambua ngano, mara nyingi tunaorodhesha sifa: simba ana nguvu, sungura ni mjanja. Orodha hiyo haielezi kwa nini mmoja anamshinda mwingine. Tutazame vitenzi.

Mchezo wa kadi Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, unaonyesha jambo hili waziwazi. Kiumbe anayeruka hazuiliki ila na mwenzake arukaye, au na yule mwenye uwezo wa kufikia juu. Kuruka kuna faida kubwa mbele ya wanaotembea, lakini mbele ya arukaye faida hiyo haipo. Uwezo mwingine hufanya pigo lolote, hata dogo, liue kiumbe. Ukiuunganisha na ule unaopitisha nguvu iliyobaki, pointi moja inatosha kwa kila anayezuia, na zinazosalia zinamfikia mpinzani.

Sasa tuje kwenye ngano ya Sungura na Simba, iliyomo katika *Zanzibar Tales* ya George Bateman (1901). Simba anamkamata Sungura. Sungura anamshauri amshike mkia, amzungushe, kisha ampige chini. Simba anakubali, na Sungura anachopoka. Kobe naye, kwa kuwa gamba lake ni gumu, anamwambia Simba amtie matopeni na kulisugua mpaka litoke. Kobe anateleza na kwenda zake. Simba anaendelea kusugua jiwe mpaka nyayo zake zinachubuka.

Kitenzi *-chopoka* kinadai kwanza kuwepo kwa mshiko: asiyeshikwa hachopoki. Kwa hiyo uwezo wa Sungura hauanzi kazi mpaka Simba atumie wa kwake. Ujanja wake ni kuchagua mahali pa kushikwa. Kobe anakwenda mbali zaidi: nguvu ya kusugua inabaki kwa Simba, ila inamrudia mwenyewe.

Zoezi: hapa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi, ngano zinasimuliwa kwa Kiswahili, Kiluba, Kisanga, Kilunda na Kichokwe. Chukua moja ya nyumbani kwenu. Andika kitenzi kikuu cha kila mnyama, kisha uliza: kipi hakiwezi kutendeka mpaka kingine kitangulie? Ukipata jibu, umepata mahali ngano inapogeukia. Ukilinganisha lugha mbili, angalia pia kama zote zina kitenzi kimoja cha kuchopoka, au moja inahitaji sentensi nzima.