Wakili Aliyewatetea Askari wa Mfalme

Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, mjini Boston katika koloni la Massachusetts, askari mmoja wa Kiingereza alikuwa akilinda Nyumba ya Forodha. Watu wakamzingira, wakimtukana na kumtupia mabonge ya theluji. Kapteni Thomas Preston akaja na askari wengine kumwokoa. Mara bunduki zikalia. Watu 5 wakafa, mmoja wao Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika.

Kesho yake rafiki wa Kapteni akamwendea wakili John Adams, akamsihi awatetee. Adams alikuwa na miaka 34, mwana wa mkulima aliyeshona viatu pia. Alikuwa amefundisha shule huku akijifunza sheria. Yeye mwenyewe aliichukia kodi ya Waingereza. Tena mkewe Abigail alikuwa mja mzito, na mwezi uliotangulia walikuwa wamemzika binti yao. Hata hivyo alikubali, kwa kuwa aliamini kwamba mshtakiwa yeyote hastahili kukosa wakili.

Katika kesi ya Kapteni, neno kuu lilikuwa hili: je, yeye ndiye aliyeamuru wapige? Jambo hilo halikuthibitika, naye akaachiliwa mwezi wa Oktoba.

Kesi ya askari 8 ilikuwa ngumu zaidi, kwani watu walikufa kweli. Adams alieleza kuwa mtu aliyehofia maisha yake ana haki ya kujilinda. Na kama alichokozwa tu, pasipo hatari ya kufa, basi ameua bila kukusudia, wala si mwuaji. Lakini alimlaumu mno marehemu Attucks, na hata sura yake akaisema kuwa ya kutisha. Maneno hayo hayamletei sifa. Mwezi wa Desemba askari 6 waliachiliwa. Wawili, Kilroy na Montgomery, walionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapigwa chapa ya moto katika kidole gumba.

Mwaka 1773 Adams aliandika katika kitabu chake cha kila siku kuwa kazi ile ilikuwa mojawapo ya huduma bora alizopata kuitendea nchi yake. Mwaka 1776 alitia sahihi Tangazo la Uhuru, na toka 1797 hata 1801 alikuwa Rais wa pili wa Marekani. Alifariki tarehe 4 Julai 1826, mwenye umri wa miaka 90.