MIFUO MITANO YA KULIA
Fizikia, kemia na mantiki katika kesi ya mauaji ya Karen, 1941

Katika hadithi za upelelezi hakuna mhusika apendwaye kama mpelelezi mstaafu. Hercule Poirot, aliyebuniwa na mwandishi Mwingereza Agatha Christie, alikuwa polisi wa Ubelgiji aliyekwisha kustaafu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyewafikia wasomaji wa Afrika ya Mashariki katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuwa polisi hata kidogo, lakini kazi yake ni ile ile. Tajiri ameuawa, jamaa na rafiki wamejaa sebuleni, kila mmoja ana siri yake, kisha mtu mmoja mtulivu anaunganisha vijambo vidogo vidogo ambavyo wengine wamevipuuza, na muuaji anajulikana.

Hapa Bukundi, katika Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu, wanafunzi huazimana vitabu vya namna hii mpaka majalada yakatoka. Swali lao ndilo lililozaa makala haya: je, katika maisha ya kweli mambo huwa hivyo? Jibu la haraka ni kwamba mara nyingi hayawi. Jibu refu linahitaji mfano, na mfano ulio bora kwa upande wetu wa dunia ulitokea Kenya wakati wa ukoloni, miongoni mwa matajiri wa Kizungu.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari, 1941, kiasi cha saa tisa, wafanyakazi wawili Waafrika waliokuwa katika gari la maziwa waliona gari aina ya Buick limeacha njia karibu na njia panda ya Karen, nje ya Nairobi. Taa zilikuwa zinawaka. Ndani, chini karibu na mahali pa kuwekea miguu, alikuwamo maiti. Alikuwa Josslyn Hay, mwenye cheo cha kurithi cha Lord Erroll, umri wake miaka 39, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni na ofisa wa jeshi. Mwanzo ilidhaniwa kwamba ni ajali ya gari tu. Mwili ukaondolewa, watu wakapitapita, na ni baadaye, katika chumba cha maiti, ndipo tundu la risasi lilipoonekana karibu na sikio. Mwalimu awaulize wanafunzi wake wasimame kidogo hapa. Saa za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote, zilikuwa zimekwisha kupotea kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna la kupelelezwa.

Erroll alikuwa mmoja wa kundi la walowezi waliojulikana kwa anasa, ulevi na kuchukuliana wake. Wakati huo alikuwa na mapenzi ya waziwazi na Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton, mwenye umri wa miaka 57, alikuwa amemwoa Diana mjini Durban mwezi Novemba 1940, miezi miwili na kidogo tu kabla ya mauaji. Jioni ya tarehe 23 Januari watu hao watatu walikula chakula pamoja katika klabu ya Muthaiga, na mume mwenyewe aliinua bilauri kuwatakia heri mkewe na Erroll. Baadaye usiku Erroll alimrudisha Diana nyumbani Karen, akaondoka peke yake. Aliuawa umbali usiozidi maili chache kutoka nyumba hiyo.

Sababu, basi, ilikuwapo. Palikuwa na jambo jingine pia. Siku tatu kabla ya mauaji, Broughton alikuwa ametoa taarifa polisi kwamba bastola zake mbili za aina ya Colt zimeibwa. Mpelelezi wa polisi, Arthur Poppy, alipata habari kwamba zamani kidogo Broughton alikuwa amefanya mazoezi ya kulenga shabaha katika shamba la rafiki yake karibu na Nanyuki. Polisi wakaenda huko, wakaokota risasi zilizotumika. Lilikuwa wazo zuri sana. Kama risasi za Nanyuki na risasi za Karen zimetoka katika mtutu mmoja, bastola yenyewe haihitajiki kuonekana. Imekwisha kuacha saini yake.

Saini hiyo ni nini?

Gobore linalofahamika vijijini kwetu lina mtutu laini kwa ndani, kama bomba la maji. Gololi itokayo humo huyumba hewani na haifiki mbali kwa usahihi. Bunduki na bastola za kisasa huchongwa ndani ya mtutu mifuo kadhaa inayosokotwa, na kati ya mfuo na mfuo hubaki tuta. Risasi ni pana kidogo kuliko nafasi iliyopo baina ya matuta. Gesi inapoisukuma, hulazimika kujikamua kupita, matuta yakaikata ubavuni na kuilazimisha kuzunguka. Tuseme mfuo unakamilisha mzunguko mmoja katika sentimita 40, na risasi inatoka kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde. Gawanya 200 kwa 0.40, utapata mizunguko 500 kwa kila sekunde. Kama vile pia ya mtoto isivyoanguka wakati inazunguka, ndivyo risasi nayo isivyopinduka njiani.

Kila kiwanda kina desturi yake ya kuchonga. Bastola za Colt za namna ile zilikuwa na mifuo sita inayosokotwa kuelekea kushoto. Zile za Smith & Wesson zilikuwa na mifuo mitano inayoelekea kulia. Hizi ni sifa za aina, kwa kuwa maelfu ya bastola huwa nazo sawasawa. Juu ya sifa hizo kuna mikwaruzo midogo mno iliyoachwa na chombo cha kuchongea, na kutu, na matumizi. Hiyo inasemekana kuwa ya bastola moja tu. Mwaka 1889 Mfaransa Alexandre Lacassagne alikwisha kulinganisha mifuo ya risasi iliyotolewa mwilini na mtutu wa bastola iliyoshukiwa. Katika miaka ya 1920 kukatengenezwa Marekani hadubini ya kulinganishia, ambayo humwezesha mtazamaji kuona risasi mbili bega kwa bega kwa jicho moja.

Mtoto wa mfugaji anazijua tofauti hizi bila hadubini. Akitumwa kutafuta ng'ombe aliyepotea, kwanza hutambua kwamba huu ni wayo wa ng'ombe, si wa punda. Hiyo ni sifa ya aina. Kisha hutafuta ule ukwato uliomeguka upande mmoja, ambao ni wa ng'ombe wake peke yake. Akiona wayo wa punda haendelei hatua hata moja, hata kama anaelekea mahali alipotazamia.

Wataalamu wa Serikali mjini Nairobi walisema kwamba risasi za Karen na baadhi ya zile za Nanyuki zilitoka katika bastola moja, zote zikiwa na kipenyo cha inchi 0.32, yaani karibu milimita 8. Zaidi ya hayo, zilikuwa zimesukumwa na baruti nyeusi ya kizamani, iliyokuwa imekwisha kuwa adimu. Wanafunzi wa kemia wanaweza kuandika mlinganyo wake uliorahisishwa hivi:

2KNO₃ + S + 3C → K₂S + N₂ + 3CO₂

Gesi za upande wa kulia ndizo zinazosukuma risasi. Salfaidi ya potasi, ambayo ni yabisi, hutoka kama moshi mzito na masizi. Masizi hayo yalionekana karibu na jeraha, dalili kwamba aliyepiga alikuwa karibu sana. Baruti za kisasa haziachi uchafu mwingi hivyo.

Broughton alikamatwa mwezi Machi, na kesi ikaanza tarehe 26 Mei, 1941, mbele ya Jaji Mkuu, Sir Joseph Sheridan. Adhabu iliyomngoja ilikuwa kunyongwa. Waamuzi wa hukumu walikuwa wanaume wa Kizungu watupu, kwa sababu sheria ya koloni ilimpa Mzungu haki ya kuhukumiwa na watu wa kabila lake, hali Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa lile lile alikuwa na jaji na washauri wa mahakama ambao jaji hakulazimika kufuata maoni yao. Jambo hilo tusilisahau tunapoisifu hoja ya mwanasheria: si kila mshtakiwa wa Kenya ya 1941 angeweza kumleta wakili maarufu kutoka Johannesburg.

Wakili huyo aliitwa Harry Morris. Alijisomea elimu ya silaha, akalishika jambo moja. Risasi za Karen zilikuwa na mifuo mingapi? Mitano. Ikielekea wapi? Kulia. Na bastola za mshtakiwa, kwa mujibu wa hati yake, ni za aina gani? Colt. Colt ina mifuo mingapi? Sita, kushoto. Mtaalamu wa Serikali hakuwa na budi kukiri kwamba risasi iliyomwua Erroll haikutoka katika Colt.

Baadhi ya wanafunzi wangu walidhani pengine mtaalamu aliishika risasi kichwa chini. Dhana hiyo inafaa kujaribiwa. Chukua bolti ya kawaida, uitazame namna hati zake zinavyopanda, kisha uigeuze juu chini. Msokoto haubadiliki, wa kulia hubaki wa kulia. Fundi baiskeli atawaonyesha wa kushoto, maana pedali ya upande wa kushoto hufungwa kwa hati za kushoto ili isilegee njiani. Igeuzeni mtakavyo, haitaingia katika tundu la pedali ya kulia. Kioo peke yake ndicho kinachobadilisha msokoto, na hakuna aliyepiga risasi ndani ya kioo. Mifuo mitano ya kulia ilikuwa ni mitano ya kulia.

Tarehe 1 Julai, 1941, Broughton alionekana hana hatia. Mwezi Desemba 1942 alijiua katika hoteli moja mjini Liverpool.

Sasa tuwe waangalifu, kwani hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza. Hoja ya Morris ilithibitisha nini hasa? Ilithibitisha kwamba bastola ya mauaji haikuwa Colt. Haikuthibitisha kwamba mshtakiwa hakuua. Upande wa mashtaka ulikuwa na mnyororo wa pete tatu: risasi za Karen ni sawa na za Nanyuki, za Nanyuki zilipigwa kwa bastola ya Broughton, bastola ya Broughton ni ile iliyodaiwa kuibwa. Mifuo iliikata pete ya tatu. Huenda mshtakiwa alikuwa na bastola nyingine isiyoandikishwa, lakini hakuna aliyeionyesha, na si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hanayo. Hata pete ya kwanza haikuwa imara, maana ilitegemea jicho la mtaalamu aliyetazama mikwaruzo na kusema imelingana. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika taarifa yake juu ya sayansi za mahakama, lilieleza kwamba ulinganishaji wa namna hiyo bado haukuwa na msingi wa kutosha wa vipimo vya kuonyesha uwezekano wa kukosea. Sifa ya aina huweza kumtoa mtu katika tuhuma kwa nguvu kubwa. Kumtia ndani ni shughuli nyingine kabisa.

Ndiyo maana kesi hii haijafungwa katika vichwa vya watu. Waandishi Cyril Connolly na James Fox waliifufua mwaka 1969, na Fox akaandika kitabu juu yake mwaka 1982, akielekeza kidole kwa Broughton. Juanita Carberry, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati wa mauaji, alisema miaka mingi baadaye kwamba Broughton alimkiria kuwa ndiye aliyeua. Errol Trzebinski, katika kitabu cha mwaka 2000, aliwashuku majasusi wa Uingereza. Kila mmoja ana kisa kinachovutia. Lakini kumbukumbu ya binadamu haiwekwi chini ya hadubini, na yule mpelelezi mstaafu wa hadithini, angalipewa kisa hiki, angalijikuta ana sebule iliyojaa washukiwa na njia panda iliyokanyagwa na kila mtu.

Kwa darasa napendekeza jaribio hili, lisilohitaji maabara. Tafuteni visu vitano vya aina moja na vipande vya sabuni ya mche vilivyokatwa laini. Mwanafunzi mmoja, peke yake nje ya darasa, aburute ukali wa kila kisu juu ya sabuni mara mbili, aweke alama za siri nyuma ya vipande, kisha avichanganye. Wengine, wakitumia lenzi, walinganishe mistari na kusema vipande vipi ni ndugu. Andikeni idadi ya waliopatia na waliokosea. Rudieni, lakini safari hii mwambieni kila mchunguzi mapema, "Tunadhani hiki na hiki ni vya kisu kimoja," hata pale ambapo si kweli. Linganisheni hesabu za mara ya kwanza na za mara ya pili. Kisha kinoeni kisu kimoja na mjaribu kukitambua tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama risasi za Karen zingalikuwa na mifuo sita ya kushoto, je, Broughton angalikuwa amethibitishwa kuwa muuaji? Toa sababu.

2. Risasi imetoka kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde katika mtutu ambao mfuo wake hukamilisha mzunguko mmoja katika sentimita 48. Tafuta idadi ya mizunguko kwa sekunde.

3. Wewe ni wa kwanza kufika penye gari lililoacha njia usiku, ndani yake mna mtu asiyesogea. Utafanya nini kwanza kwa ajili ya mtu huyo, na utajizuia kugusa nini?