Kabla ya Kukodisha Ardhi kwa Mradi wa Upepo

Stima inayowaka Kitengela jioni, sehemu yake huenda imetoka Kipeto. Huko Esilanke, Kajiado, mitambo 60 ya upepo yenye uwezo wa megawati 100 imesimama kwenye mashamba ya familia za Wamaasai, na stima yake huingia gridi kupitia kituo cha Isinya. Tangu 2021 mradi unazalisha. Wenye mashamba hawakuuza. Walikodisha, na ng'ombe wanalishwa chini ya mitambo. Mpango wa awali uliipa jamii asilimia 5 ya hisa kupitia amana yake. Si nyingi, tuseme ukweli, lakini mwenye hisa ana haki ya kudai hesabu.

Kwingine mambo yaliharibika. Kinangop, mradi wa upepo ulifutwa 2016 baada ya wakulima kuukataa. Marsabit, penye mradi wa upepo wa mitambo 365, mahakama iliamua Oktoba 2021 kwamba hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2.5 nchini Kenya, na Kajiado haikusazwa. Mfugaji aliyebaki na zizi tupu na karo ya shule ambayo hajalipa ndiye ambaye dalali wa ardhi humtembelea kwanza. Usitie sahihi siku hiyo.

Peleka mkataba kwa wakili wako, si wa kampuni. Angalia ni wa miaka mingapi, malipo yanahesabiwa kwa mtambo, kwa ekari au kwa mapato, na kama yatapanda bei za vitu zikipanda. Muda ukiisha, nani atang'oa mtambo na ile saruji iliyozikwa chini yake? Swali hili husahaulika, na kuing'oa ni gharama kubwa. Uliza pia jirani asiye na mtambo atapata nini, ikiwa nyaya na barabara zinapita kwake.

Mume asikodishe ardhi ya familia bila mke kukubali. Shamba la kilimo au malisho lenye hati ya mtu binafsi lahitaji kibali cha bodi ya ardhi, nacho kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Ardhi ya jamii iko chini ya sheria ya 2016: mkataba wa uwekezaji hupitishwa na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii mkutanoni. Mwenyekiti na marafiki zake watatu hawatoshi.

Nakala iliyotiwa sahihi na pande zote ibaki nyumbani kwako, si ofisini mwa dalali.