Kabla Hujasaini Barua ya Kuondoka Kazini

Mvua za masika zikikolea na watalii wakipungua, kambi na hoteli za Serengeti huanza kupunguza watu. Kule Nyamongo nako, mkandarasi akimaliza kazi yake mgodini, vijana hurudisha helmeti na vitambulisho getini, wakapanda gari kurudi Tarime mjini. Siku hiyo ofisi ya utumishi hukusogezea karatasi na kalamu. Isome yote kwanza. Maneno machache tu, "nimeacha kazi kwa hiari yangu", yanatosha kukukosesha fao la kukosa ajira.

Fao hili lilikuja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yale yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuuachia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, sekta binafsi. Wengi bado wanakumbuka fao la kujitoa, wakidhani kazi ikiisha utabeba michango yote. Utaratibu umebadilika.

Nani analipwa

Anayelipwa ni Mtanzania aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe, ambaye hajapata kazi nyingine na hajafikia umri wa pensheni. Ukiwa umechangia angalau miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi, kwa miezi 6. Aliyekuwa akipokea Sh600,000 atapata karibu Sh200,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini inalipa kodi ya chumba pale Mugumu na kununua unga wakati unatafuta kazi. Kama hujafikisha miezi 18, unalipwa kwa mkupuo nusu ya michango yako.

1. Kagua barua

Barua itaje sababu waziwazi: kupunguzwa kazi, kuachishwa au mkataba kuisha. Iwe na tarehe, saini na mhuri. Ukiambiwa "andika umeacha mwenyewe, tukulipe haraka", kataa kwa heshima. Omba pia cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe. Kama kazi yako ilikuwa ya msimu au ya mradi, tunza mkataba wenyewe na uuonyeshe dirishani NSSF tangu mwanzo.

2. Hesabu miezi yako

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Lakini kukatwa ni jambo moja, fedha kufika NSSF ni jingine. Omba taarifa ya michango, iweke mezani kando ya hati zako za mshahara, kisha pitisha kidole mwezi kwa mwezi. Hati ya Machi inaonyesha makato, taarifa ya Machi iko tupu? Zungushia kwa kalamu na upeleke malalamiko NSSF ukiwa na hati hiyo. Mwajiri asiyewasilisha michango anavunja sheria, na Mfuko una mamlaka ya kumdai. Mwezi mmoja uliopotea unaweza kukuacha na 17 badala ya 18.

3. Linganisha majina

Huku kwetu jambo hili linasumbua sana. Kitambulisho cha NIDA kinasema Bhoke, kadi ya NSSF inasema Boke, benki wameandika Ghati Marwa mahali ambapo kwingine ni Marwa Ghati. Linganisha herufi kwa herufi kwenye kitambulisho, kadi ya uanachama, barua na akaunti ya benki. Penye tofauti, anza kurekebisha sasa kwa hati ya kiapo.

4. Safiri na karatasi zote

Kwenda ofisi ya NSSF Musoma kutokea Tarime ni kuvuka daraja la Kirumi. Kutokea Mugumu ni kupita Nata. Nauli ya kurudia kwa sababu ya karatasi moja inauma mtu asiye na mshahara. Funga pamoja barua, mkataba, hati za mshahara, kadi, kitambulisho, picha ndogo na maelezo ya benki, kisha toa nakala. Ukishawasilisha, usiondoke bila ushahidi kwamba madai yamepokelewa. Usimlipe kishoka anayedai ana mtu wake ndani.

5. Siku 30 zisikupite

Kama umeachishwa isivyo haki, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Usisubiri NSSF walipe kwanza. Wafanyakazi wa hoteli na hifadhi wana chama chao, CHODAWU. Wa migodini wana TAMICO na NUMET. Mwanachama awaone viongozi wake mapema. Kumbuka pia kiinua mgongo: aliyepunguzwa kazi baada ya kutimiza mwaka hulipwa na mwajiri mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Hicho ni tofauti na fao la NSSF.

Miezi 6 ikiisha

Malipo husimama, uanachama unabaki. Ukipata kazi tena, mpe mwajiri mpya namba ileile, ili miezi yako iendelee kuungana kuelekea 180 inayotakiwa kwa pensheni.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kama ungali kazini, tafuta bahasha ya kaki leo, na hati ya mshahara wa mwezi huu iwe ya kwanza kuingia humo.